Mninga wa Mgeni Rasmi

Lea Mwinshehe ana kitalu cha miche Masanze, na ana uvumilivu kwa watu wengi. Kwa wataalamu wa misitu ndio umemwishia.

Kila mwezi wa nane, jua limekwishakausha kila kitu, wataalamu wa kanda hukutana hotelini Mikumi kujadili changamoto zao za pamoja. Changamoto ni zilezile, kinachobadilika ni rangi ya fulana. Kufunga kongamano, mgeni rasmi hupanda mti, wanapiga picha, wanaenda kula.

Mwaka wa kwanza Lea aliwapa mche wa mninga. Mvua zikanyesha, hauchipui. Akaufukua, akakuta wameuzika na kiriba chake cha plastiki. Watu wenye digrii zao.

Mwaka uliofuata Cornel, mratibu wa kongamano, alikuja tena kitaluni na kadi ya jina kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika na kiangazi chako?"

Cornel akacheka, akaonyesha mninga mmoja uliobaki. "Tunaomba ule."

Lea alikuwa ameulea miaka mitatu, aje aupande kwenye chemchemi ya kijiji, pale mninga wa mwisho ulipokatwa.

"Ila uwe na majani, mama. Ule mwingine ulikuwa kijiti, picha hazikupendeza."

"Mninga. Majani. Mwezi wa nane."

"Wewe ndiye fundi, bwana."

Masanze hata mtoto wa chekechea anajua mninga hupukutika kiangazi.  Asubuhi yake Lea alikata tawi la mjohoro lililo kijani, akalichomeka kwenye kiriba chenye udongo, akalipeleka Mikumi.

Wataalamu arobaini wakalizunguka. Mmoja mwenye miwani akashika jani. "Mninga safi kabisa huu. Ona afya yake."

Lea alimtazama kama unavyomtazama mbuzi anayesoma gazeti. Mgeni rasmi akalifukia, makofi yakapigwa, tawi lisilo na mzizi hata mmoja likamwagiwa maji ya chupa.

Mvua za kwanza zilipolainisha ardhi, Lea aliupanda mninga wake chemchemini, akauzungushia miiba.

Mwezi wa nane mwingine simu ikalia. Alikuwa palepale chemchemini, ameinama anaukagua mninga wake.

"Mama, ule mninga ulikufa," alisema Cornel. "Wataalamu wamechunguza, wameandika ripoti. Wanasema udongo wa Mikumi una tatizo."

"Poleni sana."

"Sasa tunaomba mwingine."

Lea akakwangua gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani, kubichi.

"Nitawaletea," akasema. "Safari hii mnataka wenye maua?"