Sikukuu za Kusogeza

Kwa miaka ishirini na mbili mama yangu alishona mavazi ya sikukuu za watu wengine. Alifanya kazi kwenye bustani kubwa ya michezo, ile yenye gurudumu linaloonekana kutoka barabara kuu, na treni inayopanda na kushuka huku watu wazima wakipiga mayowe kwa hiari yao. Watu wakisikia hivyo hudhani sisi wanawe tulikulia ndani ya treni ile. Tuliipanda mara mbili tu. Mara ya pili mdogo wangu alimtapikia mama mapajani, na habari ya treni ikaishia hapo.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya magari ya kugongana, chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye cherehani tatu na harufu ya gundi iliyomfuata mpaka nyumbani. Ukutani vilining'inia vichwa vya tembo, sungura na jogoo, pamoja na simba wa jicho moja aliyekuwa akingojea la pili tangu nikiwa darasa la tatu. Waliovaa vichwa hivyo walikuwa watu wazima wenye watoto na maumivu ya mgongo, na wote walimwita mama yangu Mama Zipu. Siku ya gwaride yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya msafara, sindano zimechomekwa kifuani, zipu za akiba zinaning'inia shingoni, akiwashona watu huku wanatembea. Tembo akipasuka mgongoni mbele ya watoto elfu mbili, ni mama aliyemrudisha kuwa tembo kabla hawajagundua kwamba ndani kuna baba wa mtu.

Bustani ilikuwa na mwaka wake yenyewe. Kulikuwa na Tamasha la Maua mwezi wa tatu, Wiki ya Watoto wakati wa likizo ndefu, Siku za Mavuno na maboga yake ya plastiki makubwa kama matangi ya maji, kisha msimu wa mwisho wa mwaka, uliofunguliwa kwa magwaride mawili ya siku moja na theluji ya povu la sabuni. Mama aliishi miezi minne mbele yetu. Sisi tukihangaika na joto, yeye anashona makoti ya manyoya. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, alifikiri kidogo, halafu anakutajia mwezi ambao haujafika.

Kwa hiyo kwetu sikukuu zilisogezwa. Kila jambo la familia liliwekwa kwenye wiki ya kufunga, mwezi wa pili, bustani inapofungwa ili mashine zitiwe mafuta na kuta zipakwe rangi. Mimi nilizaliwa katikati ya Tamasha la Maua, lakini keki yangu nilikata wiki tatu kabla, na kila mwaka nilipongezwa kwa umri ambao sikuwa nao bado. Mjomba, ndugu yake mama, aliahirisha harusi yake miezi mitano mizima kwa sababu ya dada yake, na wakwe zake wakamnunia mpaka alipopata mtoto wa pili. Sisi hatukuona ajabu. Tulijua tu kwamba mambo yetu yanaweza kusubiri, na kwamba anayejua kusubiri anapendwa zaidi.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo mdogo wangu alipovunjika mkono Siku za Mavuno. Alikuwa na miaka tisa. Alikaa kitandani tangu asubuhi, mkono umevimba, na akakataa katakata mama apigiwe simu. Mama aliporudi jioni na kumkuta, alilia, akambeba mbio hospitali, kisha kwa wiki nzima akawa anawasimulia majirani: "Mtoto yule ana akili ya mtu mzima. Hakutaka kunisumbua kazini." Nilimwonea wivu. Nilitamani na mimi nivunjike kitu ninyamaze.

Simu ya kumpigia ilikuwepo. Siku za gwaride wafanyakazi wote walifungia simu zao kabatini, lakini ofisi ya gwaride ilikuwa na simu ya mezani, na namba yake ilibandikwa kwenye friji letu. Siku moja mdogo wangu aliipiga kuuliza soksi zake ziko wapi. Jioni yake mama alituweka kitako wote wawili.

"Namba ile ni ya nyumba ikiungua," alisema. "Na hata ikiungua, kwanza mwagieni maji."

Tulicheka hadi machozi. Bibi alicheka kuliko sote.

Bibi, mama yake mama, aliishi nasi kwenye chumba cha nyuma, na ukweli usemwe, yeye ndiye aliyetulea siku zote ambazo dunia nzima ilikuwa inasherehekea. Aliniita mke mwenzangu, kwa sababu alidai babu angekuwa hai angenioa mimi na kumwacha yeye jikoni. Mtu akija kumuulizia mama, alijibu, "Huyo ameolewa na tembo. Huku anakuja kusalimia tu." Alisema kwa utani, na sisi tuliuchukua kama utani.

Mwaka jana, Ijumaa ya kuamkia gwaride la mwisho wa mwaka, mama alilala karakana kama kawaida yake. Jioni ile Bibi alishindwa kupumua. Nilimpigia mjomba, akaja na gari lake, tukamwahisha hospitali ambayo iko upande wa pili wa barabara kuu. Akawekewa mashine ya hewa. Daktari alituita pembeni, akasema moyo umechoka, na kwamba kesho ndiyo itakayotuambia.

Mjomba alifikicha macho. "Dada mkubwa wa kazi tumwambie?" aliuliza. Ndivyo alivyomwita mama tulipokuwa wawili, dada mkubwa wa kazi.

"Kesho ni gwaride," nilisema.

"Najua ni gwaride. Ndiyo maana nakuuliza."

Nataka ieleweke kwamba mimi ndiye niliyejibu. Mjomba ni mtu wa kuuliza, si mtu wa kuamua. Nilisema tumwache amalize, kesho jioni tutamfuata getini tumwambie polepole. Niliona nimesema neno la kikubwa. Tukaingia ndani kumwambia Bibi, na yeye akatikisa kichwa chini ya ile barakoa ya hewa. "Mwacheni amalize shughuli yake," alisema. Basi ikawa tumekubaliana sote, familia nzima, kwa moyo mmoja.

Asubuhi Bibi akabadilisha mawazo. Aliamka, akatazama kiti cha pembeni, akanikuta mimi.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini, Bibi. Jioni anakuja."

"Mwiteni."

"Jioni, Bibi. Si wewe mwenyewe ulisema amalize?"

"Nilisema jana," alijibu. Akafumba macho.

Mjomba alimshika mkono, akamwambia, "Anakuja, mama, yuko njiani," na mimi sikumkanusha. Tulitoka nje kwenye korido. Nilitoa simu yangu. Namba ya ofisi ya gwaride nilikuwa naijua kwa moyo kuliko namba yangu mwenyewe, na niliipiga. Iliita mara moja. Nikamwona mama kichwani mwangu, sindano mdomoni, sungura wawili wamepanga foleni mbele yake, halafu mtu anaingia anapiga kelele kwamba ana simu. Nikamwona anavyonitazama baadaye, yeye aliyekuwa akijivuna kwa majirani kwamba wanawe hawamsumbui. Nikakata kabla haijaita mara ya pili. Mjomba alikuwa ameegemea ukuta akinitazama.

Kutwa ile Bibi aliuliza tena na tena. Alikuwa akizama usingizini, akiibuka anauliza, "Amefika?" nami namwambia bado kidogo. Asubuhi ileile aliniomba nimpe simu yake ndogo ya vibonyezo. Nikadhani anataka kutazama saa, kwa sababu alipenda kutazama saa kwenye simu ile. Nikamwekea kifuani, nikaenda kumnunulia maji ambayo hakuyanywa. Nilienda kunawa uso, nikaenda kuongea na daktari, nikarudi. Simu ilikuwa mkononi mwake na macho yamefumbwa, nikamwachia.

Saa kumi na dakika ishirini Bibi alifariki. Gwaride la pili lilikuwa limeanza saa kumi kamili. Dirisha la wodi lilikuwa wazi, na tulisikia ngoma za bustani na ile sauti ya kipaza sauti inayowaambia watoto wahesabu tatu, mbili, moja, theluji ianguke. Watoto walishangilia. Nesi alikuja akafunga dirisha, akasema pole.

Saa kumi na mbili mimi na mjomba tulikuwa getini. Mama alitoka na wenzake, amechoka, anacheka, povu limemkaukia kwenye nywele. Alipotuona uso ukang'aa.

"Heh! Leo nimefuatwa na gari kama mkurugenzi! Kuna nini?"

Mjomba alifungua mlango wa gari. Mimi ndiye niliyesema. Sikumbuki maneno niliyotumia. Nakumbuka mama alikaa chini palepale kwenye ukingo wa barabara, wageni wakimpita na maputo yao, na mwenzake mmoja akaanza kumfuta lile povu kichwani kwa kanga, anafuta na kufuta mpaka likaisha, na bado anafuta.

Ndani ya gari mama aliuliza jambo moja tu.

"Aliniulizia?"

Mjomba alitazama barabara kama anajifunza kuendesha. Nikasema, "Hapana, mama. Alilala tangu asubuhi. Hakuamka."

"Alhamdulillahi," alisema mama, taratibu. "Afadhali. Afadhali hakuniulizia."

Uongo ule nilikuwa sijaupanga. Ulinitoka kwa sababu nilimpenda, na nikajiambia nitaubeba mwenyewe mpaka kaburini. Siku za msiba mama aliurudia kwa kila aliyekuja kutoa pole. Aliwaambia mama yake alilala tu, hakusumbua mtu, hakumuulizia mtu. Watu wakasema ni kifo chema. Mimi nikawa napita na sinia la chai nikitazama miguu ya watu. Mjomba naye alikuwa akihamia uani kila mazungumzo yakifika hapo.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimkuta mama kwenye chumba cha nyuma, amekaa kwenye kitanda kisicho na godoro, simu yake mkononi. Nilimletea chakula. Hakukitazama.

"Hebu nisomee hapa," alisema. "Macho yangu siku hizi mabaya."

Macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano huku anakimbia hawezi kushindwa kusoma simu. Nilichukua. Ilikuwa orodha ya simu zisizopokelewa, ya siku ile ya gwaride, na jina lilikuwa moja, limeandikwa Mama.

"Soma saa," aliniambia.

"Saa nne na dakika kumi," nilisoma. Akaniambia nirudie. "Saa nne na dakika kumi. Saa saba kasoro robo. Saa tisa na nusu."

"Mtu aliyelala."

Nikapiga magoti pale kwenye saruji nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu korido na simu niliyoikata. Nilimwambia Bibi aliuliza amefika, na kwamba nilimjibu bado kidogo, zaidi ya mara moja, kwa mdomo wangu huu. Nilimwambia mjomba hana kosa. Nilitaka anizabe kofi. Nilikuwa tayari kabisa kwa kofi, hata shavu nilikuwa nimelisogeza.

Mama hakunipiga. Alichukua simu yake, akaifuta kioo kwa upindo wa gauni.

"Ile ya saa nne nilikuwa namshona jogoo," alisema. "Saa saba kasoro robo nilikuwa na wale wasichana wa theluji, kofia zao zilikuwa ndogo."

Akaiweka simu mapajani. Nje mdogo wangu alikuwa akichota maji, ndoo inagonga gonga.

"Saa tisa na nusu," alisema, "sikuwa na kazi. Kila kitu kilikuwa kimeshashonwa. Nilikuwa nimevua viatu, nimekaa ofisini na yule bwana wa tembo tunakula karanga, ananisimulia meno ya binti yake. Tulikaa pale nusu saa nzima. Simu ya ofisi ilikuwa mezani, hapa, mbele yangu. Ningeweza kuigusa kwa mkono, nikapiga nyumbani kuulizia tu."

Alinyoosha mkono kunionyesha ilikuwa umbali gani.