Siku Mshenga Wangu Alipoendesha Pikipiki ya Umeme

Mshenga wangu alifika ukweni anaendesha pikipiki ya umeme.

Mzee wa watu hajawahi kuendesha hata baiskeli.

Na mimi niliyetakiwa kuwa dereva nilikuwa nyuma, nakimbia kwenye tope, kiatu kimoja kimebaki njiani, nampigia kelele, "Achia mkono, baba mkubwa! Achia!"

Ngoja niwape kisa chenyewe, maana hapa Mwanjelwa kimeshazunguka vijiwe vyote na kila anayekisimulia anajiweka yeye kuwa shujaa.

Naitwa Anyitike, bodaboda wa Mbeya mjini. Pikipiki yangu ni ya umeme, haina mlio. Kina mama wanaipenda, wanaongea na simu mpaka wanafika. Kwenye lami haina mpinzani. Kwenye tope ilikuwa haifai hata kuegeshwa.

Mchumba wangu anaitwa Devotha. Tulijuana akiwa anasoma ualimu Mbeya. Kwao ni Kilolo, Iringa, juu kabisa kwenye milima. Nampenda. Naliweka wazi mapema ili msije mkajiuliza huko mbele kwa nini nilifanya ujinga wote huu.

Baba yake, Mzee Kalinga, ni mzee wa kanisa na ana masharti mawili kuhusu posa.

La kwanza, siku akiipanga haibadiliki. Dada yake Devotha alikosa mume kwa sababu mshenga aliharibikiwa na gari Ilula.

La pili, muoaji asionekane. Posa inaletwa na mtu mzima. Kijana anayekuja kujisemea mwenyewe maana yake hana wazee, na asiye na wazee kwa Mzee Kalinga haozwi.

Akapanga siku. Katikati ya masika!

Devotha akanipigia.

"Anyi, barabara imeharibika. Magari yanaishia bondeni. Bodaboda wa huku wamegoma kupanda."

"Mwambie mzee asogeze siku."

"Nimemwambia. Kasema anayemtaka binti atafika."

"Sasa itakuwaje?"

"Sasa unanitaka au hunitaki?"

Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa simu.

Nikapeleka tatizo kijiweni. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu sisi ukitupa tatizo hatulitatui, tunaliundia kamati.

Mwenyekiti akawa Zabron. Sifa yake ni kwamba aliwahi kubeba wachimbaji Makongolosi.

"Mimi nimepanda milima ambayo mbuzi walikuwa wanasimama kunishangaa," akasema. Hoja ikapita bila kupingwa.

Zikaundwa kamati ndogo. Zabron akachukua magurudumu. Fundi Ambrosi akachukua kinachoitwa nguvu, yaani cheni na spoketi. Kukawa pia na kamati ya tathmini, ambayo kazi yake ilikuwa kukaa kwenye benchi na kula chipsi zangu.

Zabron akatoa rimu za kiwandani, akafunga za spoku alizong'oa kwenye pikipiki mbovu ya petroli. Juu yake akavisha tairi za kashata, zile zenye meno makubwa ya kung'ata tope. Zikawa pana, zikagoma kuingia. Akatoa madigadi yote mawili.

"Tope litaruka," nikasema.

"Wewe unaenda kuoa au unaenda kupiga picha?"

Ambrosi naye akaweka spoketi ndogo mbele, na nyuma akafunga kubwa kama sahani ya pilau.

"Mbio utazikosa," akaniambia. "Lakini nguvu! Hii ukiielekeza ukutani inapanda."

Tukaipeleka kuijaribu mlima wa Kawetere. Wallahi ilipanda. Haikuteleza wala haikulalamika. Kamati ya tathmini ikapiga makofi. Wakati wa kushuka Zabron akasema tusichoshe betri bure, tukaipakia kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, mpaka mjini.

"Kila kitu tayari?" nikauliza.

"Tayari!" kamati nzima ikaitikia.

Mshenga alikuwa baba yangu mkubwa, Mzee Abrahamu wa Mbalizi. Mnyakyusa wa suti na kofia, akiongea watu wanaacha kula. Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Yeye mshenga, mimi dereva niliyeokotwa stendi. Helmeti sivui, jina langu Peter.

Pikipiki ikapanda fuso la viazi mpaka Iringa, kisha kirikuu mpaka bondeni ambako magari yanaishia. Tukawakuta bodaboda wa kule wamekaa, wakatusalimia kwa Kihehe.

"Kamwene! Mnaenda wapi na hicho kipasi cha umeme?"

Nikampakia baba mkubwa, nikaondoka.

Jamani. Ile pikipiki ilipanda mpaka nikajisikia vibaya kwa kuisema kamati. Tairi zinang'ata, mota inasukuma taratibu, wale jamaa wa bondeni wamesimama wote midomo wazi. Moyoni nikasema Devotha ni wangu.

"Gwe Anyitike," baba mkubwa akaniita. "Mbona mgongo wangu unalowana?"

Gurudumu la nyuma lilikuwa linamwaga tope lote juu ya suti.

"Umande huo, baba mkubwa."

"Umande una mawe?"

Karibu na juu kabisa njia ikawa mfereji mwembamba uliochimbwa na maji, kingo zake zinafika magotini. Nikaona tukiwa wawili tutakwama. Mshenga hawezi kushuka akafika ukweni amekanyaga tope kama mkulima wa viazi, kwa hiyo nikashuka mimi. Nikawa natembea pembeni, juu ya ukingo, nimeshika usukani na kuongeza moto kidogo kidogo.

Nikateleza.

Nilianguka chali. Baba mkubwa, kuona hana dereva, akajitupa mbele akang'ang'ania usukani kwa nguvu zake zote. Sasa kwenye pikipiki mkono wa kulia ndio wa moto. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoukunja, na kadiri alivyoukunja ndivyo ilivyopanda. Mfereji ukaishika huku na huku, haianguki kulia wala kushoto.

"Shika breki!" nikapiga kelele.

"Nimeshika! Nimeshika zote!"

Nikatupa macho kwenye gurudumu la nyuma. Breki imefungwa kwenye fremu kwa kipande cha mpira wa tyubu, isining'inie. Ya mbele vilevile.

Diski za breki zilikuwa zimebaki Mwanjelwa kwenye rimu za zamani. Zabron alijua breki ni ya Ambrosi kwa sababu ni mambo ya ufundi. Ambrosi alijua ni ya Zabron kwa sababu iko kwenye gurudumu. Na mimi tangu bondeni napanda tu kwenye tope, nikiachia moto inasimama yenyewe, sikuwa na haja ya kuzigusa.

Niliogopa kweli, nikainuka nikaanza kumkimbilia. Sikuwaza tena ndoa. Nilimwaza mama mkubwa atakavyoniuliza nimempeleka wapi mume wake wa ujanani.

Nilipofika uwanjani kwa Mzee Kalinga nikakuta pikipiki imezama kwenye lundo la majani ya ng'ombe. Wazee wa ukoo wamesimama mlangoni. Baba mkubwa akashuka mwenyewe, akanyoosha tai, akaweka kofia sawa.

"Hodi hapa," akasema.

"Karibu," akajibu Mzee Kalinga, anaangalia saa. "Umewahi."

Mimi nikapelekwa jikoni, mahali pa dereva. Nikavua helmeti kwa sababu nilikuwa sioni kwa tope. Kupitia ukuta nasikia kila neno.

"Kijana wako anafanya kazi gani?"

"Injinia," akasema baba mkubwa bila kumeza mate. "Wa vyombo vya umeme."

"Yuko wapi leo?"

"Yuko kazini, Mbeya."

"Na huyu mpuuzi aliyekuacha ukajiendesha mwenyewe?"

"Huyo simjui kabisa. Nimemkuta stendi."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema anamhurumia mwanamke atakayeolewa na dereva yule.

Devotha akaingia na kikombe cha uji. Akaniangalia. Akachovya pembe ya kitenge chake kwenye maji ya moto, akaanza kunifuta uso, polepole, kuanzia kwenye nyusi.

"Umekuja," akaninong'oneza.

Nilikuwa nalia, na tope lilinisaidia kuficha.

Nilipoinua macho Mzee Kalinga alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Devotha akaacha mkono hewani.

Nikasema basi, imeisha. Nimeonekana.

"Shikamoo, mzee. Mimi dereva. Peter."

"Marahaba, Peter." Akakaa kwenye kigoda, akaniangalia mpaka uji ukaanza kupoa. "Ukirudi Mbeya utamwona huyo injinia?"

"Nitamwona, mzee."

"Mwambie nimemkubali. Si kwa uinjinia wake, maana sijui kama upo. Nimelima kwenye tope hili maisha yangu yote, na binti yangu hajawahi kunifuta uso namna hiyo."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka.

"Mwambie pia asithubutu kumpakia mwanangu kwenye hilo dude lako mpaka liwe linasimama."

Tulishuka kwa miguu, vijana wa kijiji wameifunga pikipiki kamba kwa nyuma wanaivuta isitangulie. Baba mkubwa njia nzima alikuwa anakwangua tope kwenye suti. Tulipofika bondeni ndipo akaniuliza kama kuna mtu alipiga picha.

Kijiweni wametangaza ushindi. Zabron anasema ni tairi, Ambrosi anasema ni spoketi, kamati ya tathmini inadai chipsi nyingine.

Ndugu yangu unayesoma, ukipewa watu wa kukusaidia usiwaulize kama kila kitu tayari. Utajibiwa tayari. Shika kitu kimoja kimoja mkononi, uliza hiki ni cha nani, na usiondoke mpaka mtu ataje jina lake. Halafu ukishaanguka, na utaanguka tu, angalia ni nani anayekuja kukufuta tope bila kukuuliza limetoka wapi. Huyo muoe.