Bolti ya Mwisho ya Pikapu ya Kasimiri

Mabruki alizaliwa Ng'ambo, mjini Tabora, katika nyumba ya mafundi. Babu alifua majembe, baba alichomelea mageti, naye akaangukia kwenye ekzosi, mabomba ya kutolea moshi. Nusu ya maisha yake ameyalaza chali chini ya magari ya watu, na si mtu wa kushtuka ovyo.

Asubuhi moja ya kiangazi akaingia Apolinaria, mkulima wa tumbaku kutoka Kigwa, akiendesha mwenyewe pikapu ya marehemu mumewe, Kasimiri. Ngurumo ya gari ilitangulia kufika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Wanangu ndio wamenilazimisha. Wanasema kelele zimezidi."

Alisema kama mtu aliyepelekwa hospitali kwa nguvu.

Mabruki akaichukua kuijaribu kwenye barabara ya Kipalapala. Vumbi lilikuwa jingi, akapandisha vioo. Muda si muda kichwa kikaanza kumgonga, mdomo ukamkauka. Ndipo sauti ya mwanamume, ya upole, ikasema nyuma ya sikio lake: "Polepole, daraja hilo."

Akakanyaga breki. Mbele yake barabara ilikuwa tambarare tupu, hakuna mto wala kalavati. Kiti cha pembeni hakikuwa na mtu. Akashusha vioo, akarudi taratibu, shati limemganda mgongoni.

Apolinaria alimtazama usoni tu, akajua. "Amekwambia upunguze mwendo darajani?"

Mabruki akachukua tochi. Akajitosa chini ya gari. Bomba lilikuwa limetoboka kwenye kiungo, na sakafu juu yake imeliwa na kutu. Akatoka akijifuta mikono.

"Ni moshi, mama. Unaingia ndani, unalevya. Mtu akilewa moshi husikia mengi."

"Na moshi unalijua daraja la kwetu Kigwa?"

Mabruki akaokota spana.

"Ukilifungua bomba hilo, ataondoka?" mama akauliza.

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba likibaki, utamfuata."

Mama akaitikia kwa kichwa.

Mabruki akazisugua bolti kwa brashi ya waya, akazimwagia mafuta, akayaacha yapenye. Mbili zikatoka kwa mbinde. Ya tatu ikagoma. Akaichoma kwa gesi hadi ikawa nyekundu, akaigonga kwa nyundo, akaikaza kidogo kwanza ili aweze kuilegeza. Wapi! Kibaya zaidi, kila alipovuta spana alihisi inavutwa upande wa pili, taratibu, kwa nguvu za mtu. Jua la saa saba lilichoma uani, lakini vidole vyake vilikuwa baridi.

"Naikata kwa grenda."

"Usimkate!"

Apolinaria akapiga magoti mavumbini, akaweka kiganja ubavuni mwa gari, akanong'ona Kinyamwezi kwa sauti ya mke anayemwamsha mumewe. Mabruki akageuza uso. Maneno yale hayakumhusu.

Alipovuta tena, spana ikazunguka laini, kama bolti imefungwa jana.

Alifunga bomba jipya, akaziba sakafu kwa bati. Apolinaria aliwasha gari, akakaa kitambo kirefu akisikiliza, kisha akaondoka bila kuaga.

Alirudi baada ya mavuno, amemletea fundi chupa ya asali. Alikuwa amenenepa kidogo, macho yamekuwa maangavu.

"Kichwa hakiniumi tena," alisema. "Ila njia, fundi, siku hizi imekuwa ndefu."