Sindano ya Shavuni

Kwa miaka sita niliogopa upepo. Ukinigusa shavu la kulia nikipanda ngazi za ghorofa yetu mtaani Pipeline, Nairobi, maumivu yalinipiga kama umeme kutoka sikioni hadi mdomoni, nami nilikuwa nikishika ukuta mpaka yapite. Nilidhani ni meno. Niling'olewa magego mawili, lakini maumivu yakabaki palepale. Kule soko la Kariokor, ninakoshona viatu vya ngozi, wateja waliniona mwenye maringo kwa sababu sikuwajibu. Kuongea kwenyewe kulikuwa kunauma.

Hatimaye daktari mmoja aliniambia kuwa neva ya uso, ule mshipa wa hisia, ndiyo yenye ugonjwa.

"Hatutakupasua, mama," alisema. "Tutapitisha sindano ndefu hapa shavuni, tuichome neva kwa joto kidogo. Lakini shavu linaweza kufa ganzi."

"Life tu, daktari," nikamjibu. "Nimechoka."

Asubuhi moja hospitalini nilipewa dawa ya usingizi, wakanichoma, na kesho yake mume wangu akanirudisha nyumbani. Alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu ili anipanguse uso, kisha akasita. Alikuwa amesahau jinsi ya kunigusa.

"Nipanguse?"

"Nipanguse."

Akapitisha kitambaa polepole shavu lote la kulia. Nilihisi uzito wa mkono wake tu, kana kwamba ananigusa juu ya blanketi. Maumivu hayakuja. Nilitaka kufurahi, lakini sikuwa na nguvu hata ya kutabasamu. Akaniuliza kama nitakunywa chai. Usingizi ulinichukua kabla sijamjibu, nikiwa nimelalia shavu la kulia.