Haisi Iliyokula Paa

Ko. Ko. Ko.

Nilimsikia mtu akigonga tairi kabla sijaliona gari lenyewe. Kama umewahi kusafiri alfajiri unaijua sauti hiyo: dereva anazunguka gari na kipande cha mti mkononi, anagonga tairi moja baada ya jingine, anasikiliza upepo uliomo ndani. Ilitoka nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimekaa barazani kwa Mama Neema, pale Kilosa, mchana, nikinywa maji aliyonikaribisha nayo. Nikamwuliza ni nani yuko kwenye gari. Akasema hakuna mtu. Tukazunguka nyumba, na kweli hapakuwa na mtu.

Ninayokusimulia yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshiba. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unisikilize.

Nilikwenda kununua haisi kuukuu. Wakati huo nilikuwa nachukua nyanya na ndizi Kilosa na kuziuza Mikumi, pale mabasi na malori ya barabara kuu yanaposimama. Wateja nilikuwa nao, lakini faida yote iliishia kwa mwenye gari la kukodi. Nikajibana miaka kadhaa mpaka nikapata akiba ya kutosha gari moja bovu. Nikikosea bei, au nikinunua gari litakalokufa njiani, hakuna akiba ya pili.

Mama Neema naye alikuwa na lake. Mumewe alikuwa dereva, na homa ilimchukua mwaka uliotangulia. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kumshinda. Kule Kidete, kwenye kiwanja alichopewa na baba yake, kuta za matofali zilikuwa zimesimama bila paa, zikinyeshewa kila mwaka na kupungua kidogo kidogo. Alitaka bati kabla ya masika. Kitu pekee kilichobaki cha kuuza kilikuwa haisi ya marehemu.

Sasa, unajua sisi tunavyonunua. Kitu unachokitaka hukisifu, unakiponda. Muuzaji anajua unaponda, nawe unajua kwamba anajua, na hakuna anayekasirika. Basi nikaizunguka haisi ile. Weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kutu ilikuwa imepanda kutoka chini kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa udongo.

"Mama, hili si gari tena," nikasema. "Bodi hii ni majiko ya mkaa yanayomsubiri mfuaji."

Mama Neema akacheka. "Na wewe binti, ndiyo umelipa nauli yote hiyo kutoka Mikumi kufuata majiko?"

Yeye alisema milioni nane. Mimi nikasema nne. Akaniambia nikalijaribu kwanza, nifike hata Zombo, ndipo turudi kwenye maneno. Nikamwomba twende wote, akakataa. Tangu wamzike mumewe hakuwahi kulipanda. Nikamwachia kitambulisho changu, nikatoka peke yangu.

Niamini, nilikwenda kwa furaha. Injini ilikuwa inakohoa mwanzoni, kisha ikatulia na kuvuta. Nilipoyaacha majumba ya mji nikaanza kufikiri. Kitu kilichochakaa unakipaje bei? Kwa nguvu iliyobaki ndani yake? Au kwa kazi yote iliyokwisha fanyika, watu waliofikishwa hospitali, mahari zilizopelekwa, misiba iliyowahiwa? Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea umbo la mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya umbo hilo.

Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Mbele kidogo niliona mzee amesimama pembeni mwa barabara, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nani atampita mzee kwenye mvua? Nikasimama. Akafungua mlango wa mbele, akakaa kando yangu.

"Shikamoo baba," nikasema.

Hakuitikia. Alinitazama kama vile niliyemsalimia alikuwa mtu mwingine. Mimi nimekulia huku, na sijapata kuona mzee akiiacha shikamoo ikining'inia hewani. Hata mgonjwa hoi huitikia marahaba.

Tukaenda mwendo kidogo. Kisha akauliza nimetajiwa bei gani. Nikamwambia nane. Akauliza mimi nimesema ngapi. Nikamwambia nne. Akacheka kwa pua.

"Mnadanganyana nyote wawili," akasema. "Na wewe umeliita majiko."

Maneno yale niliyasema nyuma ya nyumba, mbele ya Mama Neema peke yake. Nikageuka kumtazama. Mvua ilikuwa imempiga muda wote ule pale barabarani, lakini shati lake lilikuwa kavu, limenyooka, kama limetolewa sandukuni.

Akaniambia nisimame, nichungulie chini, usawa wa tairi la nyuma kushoto, nipasugue. Kwa nini nilitii? Sijui. Nilishuka, nikapiga magoti kwenye tope, nikasugua kwa kanga yangu. Chini ya rangi nyeusi nikaona chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, ilivyokuwa imekatika na kuchomelewa, mstari mnene kama kovu la kisu. Jicho langu lisingepaona, kwa sababu aliyepapaka rangi alikuwa amekusudia pasionekane.

Niliporudi kwenye usukani, alikuwa anatazama mbele.

"Nilipinduka," akasema. "Pesa ya bati nilikuwa nayo mimi, ya kupeleka Kidete. Nikamlipa fundi achomelee hapo chini. Nyumbani nikasema nimeibiwa stendi."

Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili.

"Mwambie mke wangu. Mimi nilishindwa. Na bei usihangaike nayo. Gari hili lilikula paa moja, basi lirudishe paa moja. Injini ni nzima. Pakia nyanya, usipakie watu."

Nikageuza gari. Kufumba na kufumbua, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Lakini gari lilikuwa bado limeelemea upande wake, kama lilivyoelemea alipopanda.

Na binadamu ni kiumbe wa ajabu. Katikati ya hofu ile, wazo likanijia: nikimwonyesha mama yule kovu la chesisi, na hayo mengine nikanyamaza, bei inashuka hadi tatu, na sitakuwa nimesema uongo wowote. Gari likazima. Nikageuza ufunguo mara nyingi, halikujibu. Mvua ikapiga juu ya bodi, nami nimekaa nikisikia pumzi ambayo si yangu. Nikasema kwa sauti, "Nimelitupa wazo hilo." Likawaka kwa mguso mmoja.

Tulikaa sebuleni, mimi na Mama Neema, tukapiga hesabu ya bati, mbao, misumari na fundi. Ikawa chini ya nane na juu ya nne, na hatukubishana tena. Paa liliezekwa kabla ya masika. Nami ninaendesha haisi ile mpaka leo, na wenye magari ya kukodi siwajui tena. Inabeba mzigo tu. Watu wanaonisimamisha njiani wananiita mchoyo, nami nawaacha waseme. Kanga ile ina doa jeusi ambalo limezishinda sabuni zote. Na siwezi kukaa wima kwenye kiti cha dereva. Mwili wangu umefuata bonde lililokuwemo, na mama yangu anasema siku hizi natembea nikielemea kulia, kama mwanamume mtu mzima.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari, au baiskeli, au hata kitanda cha mtu aliyefariki, bei omba ipunguzwe, ni haki yako. Lakini usikiponde kitu hicho kikiwa kinakusikia. Na ukiambiwa uchungulie chini, chungulia, hata kama aliyekuambia hakuitikia salamu yako.

Kuna kimoja sijakueleza. Siku ile sebuleni, kabla hatujagusa hesabu yoyote, nilimweleza Mama Neema yote: mzee, shati kavu, pesa ya bati. Nilitegemea alie, au anifukuze kama mwendawazimu. Alikunja mikono mapajani.

"Nilijua," akasema. "Mke wa fundi aliyechomelea aliniambia wiki ileile. Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Nilimpikia, nikamngoja. Akaumwa, nikamngoja."

Akainuka, akaenda kwenye dirisha linalotazama nyuma ya nyumba. Hakuwa anasema na mimi tena.

"Baba Neema," akasema taratibu, "umeshasema. Nenda."

Huko nje, mlango wa mbele wa haisi ulifunguka, ukakaa wazi kidogo kwenye mvua, kisha ukafungwa.