Aliyeahidiwa Kabla Hajazaliwa

Wapo watu wanaozaliwa na alama shavuni, na wapo wanaozaliwa na vidole sita. Fundi miwani wetu alizaliwa na ahadi. Kabla hajapata hata jina, mama yake alikuwa ameshasimama mbele ya kanisa zima na kutamka kwamba akijaliwa mtoto, mtoto huyo atakuwa wa Mungu, atakwenda kuishi katika nyumba ya mashemasi wa kike, wale wanaovaa kijivu, wanaouguza wagonjwa na kusali kwa kengele. Kwa hiyo mtaani hakuna aliyejisumbua na jina lake la ubatizo. Aliitwa Nadhiri tangu yuko mgongoni, na sasa ana miaka arobaini na sita, mvi zimeanza kumchungulia masikioni, bado anaitwa Nadhiri.

Lingekuwa jambo la kutaniwa na kusahaulika, ila kanisa lao lina daftari. Mara moja kila mwaka, siku wanayoiita Jumapili ya Nadhiri, karani wa wazee hulifungua na kusoma majina ya wote walioahidi kitu mbele za Mungu. Ukisomwa unasimama. Karani anakutazama na kuuliza, "Imetimia?" Ikiwa imetimia anakupigia mstari, unaimbiwa ubeti mmoja, unakaa. Ikiwa haijatimia unajibu "Bado," na unabaki umesimama hivyo hivyo mpaka majina yote yaishe. Wengi huahidi mambo ya kiasi chao: kuacha pombe, kupatana na ndugu, kupaka rangi ukuta wa nje. Mwaka mmoja au miwili wameshatoka. Mama yake Nadhiri alikuwa amejibu "Bado" zaidi ya mara arobaini.

Na si kwamba binti hakujaribu. Alipotimiza miaka kumi na tisa aliingia nyumba ya mashemasi na sanduku moja, mama akapigiwa mstari, akaimbiwa, akalia hadi kilemba kikalowa. Miaka mitatu baadaye binti akarudi na sanduku lile lile. Karani wa wakati huo, mtu asiyejua utani, aliiandika nadhiri upya kwa wino mwekundu.

Nadhiri hakumweleza mtu kwa nini alitoka. Alisema tu, "Nimeshindwa," watu wakamalizia wenyewe. Wako waliosema ana mchumba, wakamsubiri mchumba huyo miaka kumi bila kumwona. Wako waliosema kule kuna kazi ngumu, na huyu ni mvivu. Huyo mvivu akaenda kujifunza kusaga lenzi kwa mzee mmoja mwenye miwani minene, ambaye kila mtu alimwita Macho Manne naye akaitika bila kinyongo. Akapanga chumba chake mwenyewe, akanunua kitanda chake mwenyewe, na kila Jumapili akaketi benchi la tatu kutoka nyuma, kando ya mama yake. Hapo ndipo penye ajabu yangu. Mtu aliyemkimbia Mungu angechagua hata kanisa jingine.

Mama yake alikuwa mwanamke mpole mwenye hofu kubwa. Paa likivuja, ni nadhiri. Kuku akifa, ni nadhiri. Mumewe alipofariki kwa homa ya mapafu, daktari akiwa amesema wazi ni homa ya mapafu, mama alimshika binti mkono pale pale hospitalini na kumwambia, "Unaona lakini?" Nadhiri aliona. Aliona mama yake ana baba wa mbinguni mwenye kumbukumbu kali na mkono mwepesi, na akajiuliza inawezekanaje mtu kumpenda baba wa namna hiyo.

Mwaka huu moyo wa mama ulianza kuchoka. Miguu ikavimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa mlima. Daktari alimpa vidonge na kumtaka apumzike, lakini hakuficha kwamba ni suala la muda. Siku hiyo walirudi nyumbani, Nadhiri akamketisha kitandani na kumwekea miguu juu ya kigoda. Mama akatoa bahasha chini ya mto.

"Nimewaandikia wale mashemasi," alisema. "Wamejibu. Wanapokea mpaka wa miaka hamsini. Nafasi ipo."

"Mama! Umeandika bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa. Mwanangu, sikuombi kitu kingine tena. Miaka yote hiyo sijakukalia kooni. Nisomwe mwaka huu nipigiwe mstari, nikafe nimekaa. Nitakwendaje mbele zake na deni la mtoto mzima?"

Nadhiri alitaka kusema mengi. Alitaka kusema, uliahidi kisicho chako. Alitazama ile miguu juu ya kigoda, ngozi imevutika inang'aa. "Sawa, Mama," alisema. Mama akafumba macho na kulala kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumapili ya Nadhiri ilikuwa baada ya wiki mbili. Siku ya pili baada ya ile bahasha, Nadhiri alimwambia Macho Manne kwamba anaacha kazi. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka ishirini na mbili," alisema. "Leo unaniambia unakwenda kuwa mtakatifu?"

"Nakwenda kumtumikia Mungu, mzee."

"Ahaa. Na hapa ulikuwa unamtumikia nani? Mimi? Mimi hata chai hujanipikia siku moja." Akarudi mezani kwake, lakini alinuna mchana kutwa, na Macho Manne hakuwa mtu wa kununa.

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo, meza tatu, mashine ya kusagia inayotiririsha maji, uji mweupe wa vumbi la kioo kwenye beseni, na dirisha moja lenye nondo zilizonyooka. Nondo zile Nadhiri alizitumia kila siku. Ukimaliza kusaga lenzi unainyoosha mbele ya dirisha kwa urefu wa mkono, unatazama nondo ndani yake. Nondo ikionekana imekatika pale ukingoni mwa lenzi, sehemu ya ndani ikahama na ya nje ikabaki, unaisogeza lenzi taratibu hadi zikutane, hapo ndipo penye kitovu cha lenzi, unatia nukta ya wino. Nukta ile lazima ikae mbele ya mboni ya mwenyewe. Ukiikosea kwa unene wa ukucha, mteja anakwenda nyumbani na kichwa kinamgonga, na hajui kwa nini.

Siku yake ya mwisho alibakiwa na jozi moja, ya mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa haoni tena madaftari ya watoto. Alizisaga lenzi zake, akaziosha, akainyoosha ya kwanza dirishani. Nondo zikakutana. Akatia nukta, na midomo yake ikasema yenyewe, kama ilivyozoea kwa kila jozi: Bwana, mpe huyu aone anachopaswa kuona, umpunguzie kichwa kuuma, umvumilishe na watoto wa watu.

Mkono wake ukabaki hewani. Aliitambua sala yake kama mtu anayejiona ghafla kwenye kioo cha duka. Alikuwa akisali hivyo tangu lini? Alihesabu nyuma, akakuta ni tangu mwaka wa kwanza. Hakuwahi kumwambia mtu, na kusema kweli hakuwahi kuipa hata jina la sala. Kule kwa mashemasi alisali kwa kengele miaka mitatu, maneno mazuri, hana ubaya nayo, nao walikuwa wanawake wema waliompenda. Lakini kila alipopiga magoti alisikia sauti ya mama yake ikiongea kwa mdomo wake. Alikuwa kama tarishi mwenye barua ya mtu mwingine. Alitoka kule akiamini Mungu hamtaki. Kumbe alikuja kumkuta hapa, kwenye uji wa vumbi, na alikuwa akizungumza naye siku zote hizo kwa maneno yake mwenyewe.

Akalia. Machozi ya mtu mzima ambaye hajalia miaka mingi hayana adabu. Yalimtoka na kamasi, na Macho Manne akajitia hamnazo, akawasha mashine ingawa hakuwa na lenzi ya kusaga. Nadhiri alijua sasa jambo moja bila shaka yoyote. Akienda kule kumfurahisha mama, kila sala atakayosali itakuwa uongo, na atakuwa anamdanganya yule yule ambaye kwa mara ya kwanza amemfahamu. Alijua pia jambo la pili, na hilo lilimtia baridi. Mama yake alikuwa akifa kwa hofu, naye ndiye aliyekuwa na dawa ya hofu hiyo, na hatampa. Kabla ya kufunga alimwambia Macho Manne kwamba haachi kazi tena.

Jumapili ilipofika mama alikataa kubaki kitandani. Alivaa gauni lake la heshima, akaegemea bega la binti mpaka benchi la tatu kutoka nyuma. Njiani uso wake ulikuwa umetulia. Nadhiri alijaribu mara mbili kumwambia, na mara mbili akaishia kumrekebishia kilemba. Hilo simsifu. Angemwambia nyumbani.

Karani wa siku hizi alikuwa mzee mpole, fundi viatu mstaafu, mwenye sauti ndogo kuliko daftari lake. Akasoma wa kuacha pombe: bado. Wa kupatana na shemeji: imetimia, wakaimba. Halafu akasoma jina la mama. Mama akashika benchi la mbele kwa mikono miwili akajiinua. Miguu ilimtetemeka, kila mtu akaona.

"Mama yetu, imetimia?"

Mama alifungua mdomo. Nadhiri akasimama kabla hajajibu.

"Mzee, naomba mama yangu akae."

Karani akamtazama juu ya miwani, miwani ambayo Nadhiri mwenyewe ndiye aliyeisaga.

"Binti yangu, asiye na mstari hakai. Ndivyo tulivyokuta."

"Basi mpigie. Yeye alitoa alichoweza kutoa. Alinizaa, akanileta hapa, akanifundisha kumwita Mungu. Niliyetoka kule kwa mashemasi ni mimi, na sirudi." Alisikia mama akishtuka kando yake, lakini alikuwa ameshapiga moyo konde. "Sirudi, Mzee. Sikumkimbia Mungu. Namtumikia kazini kwangu, na chumbani kwangu, na hapa. Kama nadhiri hii ni lazima imkalie mtu, iandikeni kwangu. Mimi ndiye nitakayesimama."

Wazee walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba jambo kama hilo halijawahi kutokea, mwingine akasema hata daftari lenyewe liliwahi kuwa jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwisho karani aliinama. Akapiga mstari, akageuza ukurasa, akaandika. Walioketi mbele waliona anaandika jina la ubatizo la binti, ambalo alilazimika kuuliza.

"Mama, kaa," alisema kwa upole. Mama akakaa. Hakuna aliyeimba, maana hakuna aliyejua kama inafaa.

Halafu karani akamgeukia binti. Kazi ni kazi. "Imetimia?"

"Ninaendelea nayo," alisema. Akabaki amesimama hadi majina yote yakaisha, na hakuinamisha kichwa.

Walirudi nyumbani polepole. Mama hakumshika bega. Alishika kuta za nyumba za watu, moja baada ya nyingine. Ngazi tatu za mlangoni ziliwachukua muda. Chumbani Nadhiri alimvua viatu, akaleta kigoda, akaweka miguu juu yake. Alisubiri karipio. Lilipokosekana akaogopa zaidi.

"Ulisema sawa," mama alisema mwishowe.

"Nilisema, Mama. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Sasa itakuwaje akikasirika?"

"Atanikasirikia mimi. Wewe umeshatoka daftarini."

Mama akashika tama, akautazama ukuta. Dirisha lilikuwa wazi, mchana wa Jumapili, watoto wa jirani wakigombania mpira. "Nilikuwa na miaka tisa kwenye ndoa," alisema. "Kwa baba yako walishaanza kuniita mti mkavu. Ningeahidi chochote. Wangeniambia niahidi macho yangu ningeyatoa." Akamgeukia binti. "Sikukuuliza. Ningekuulizaje, hukuwepo."

"Najua, Mama."

"Na pale kazini, unasema unasali. Unasali nini?"

Katika miaka arobaini na sita hilo lilikuwa swali la kwanza mama kumuuliza juu ya Mungu bila kuwa na jibu mkononi. Nadhiri akaketi sakafuni. Ghafla aliona haya, kama mtu aliyeambiwa avue nguo.

"Naombea macho ya watu," alisema. "Kila mmoja na yake."

"Basi niombee na mimi. Kwa hayo maneno yako."

Nadhiri akaishika miguu yote miwili, mizito, yenye joto.

"Bwana, huyu ndiye mama yangu. Amekuogopa kwa ajili yangu miaka yote hii. Mwondolee hofu. Mimi nimekuja mwenyewe."

Mama alisema amina kabla hajamaliza.