Tangi la Kutazamwa

Siku moja ya kiangazi naikumbuka kuliko zote, mwanangu, maana ndiyo siku niliyojitwika mtungi wa maji kichwani, mwanamume mzima, na kijiji chetu kizima cha Kamuli kikinitazama. Cheka tu. Na wao walicheka.

Nilikuwa kijana, sijaoa, naishi na mama yangu. Baba alikwisha kufariki. Tangu nipate akili nilimwona mama akishuka chemchemini na kupanda mlima na mtungi, mpaka magoti yake yakaanza kumkatalia. Basi mwaka mmoja kahawa yetu ilipozaa vizuri, nikanunua mabati ya paa ili tukinge maji ya mvua, nikamwahidi, "Mama, kiangazi hiki hushuki tena bondeni."

Mabati yalitosha upande wa mbele tu, ule unaoonekana kutoka njiani. Nyuma niliacha nyasi. Kisha nikamwita fundi anijengee tangi la matofali na saruji, kubwa kama la jirani yetu katekista, ambaye nyumba yake ilikuwa ya bati kotekote. Fundi akatazama paa langu, akasema la nusu yake lingetosha. Mama naye akauliza taratibu, "Hili litajazwa na paa gani?" Nikawajibu wote wawili kwamba mvua ya Mungu haipimwi. Nilikuwa na kichwa kigumu, na kiburi juu yake.

Masika yakanyesha. Maji ya upande wa nyasi yalikuwa mekundu kama chai, hayanyweki. Ya bati yalifika usawa wa magoti tu ndani ya tangi, basi. Tena saruji tulikuwa tumeipaka nyembamba ili ienee ukubwa ule. Kuta zikakaa kavu juani, zikapasuka mpaka chini, na maji yale machache yakavuja yote.

Asubuhi moja nikitoka shambani nilimkuta mama njiani, mtungi kichwani, ameshika mgomba apumzishe magoti. Aliona aibu, kana kwamba mwenye kosa ni yeye.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, waitu, mwanangu. Umenijengea tangi la kutazamwa. Mimi nilitaka la kunywa."

Moyo uliniuma, mwanangu, mpaka leo unaniuma. Nikaupokea mtungi, nikaweka ngata yake ya majani ya mgomba kichwani. Kwetu mwanamume hakubeba maji hivyo, wala sikujua kuubeba. Nusu ya maji ilinimwagikia shingoni, mama nyuma yangu akicheka huku akifuta machozi. Nilishuka kila siku mpaka vuli.

Mwaka uliofuata nikajenga tangi dogo, nene, kama fundi alivyosema. Likajaa mpaka likafurika. Mama akachota kikombe cha kwanza, akaninywesha mimi kabla yake.

Kwa hiyo ukijenga, achana na tangi la jirani. Simama uani utazame paa lako linalotoa maji safi, uhesabu vinywa vilivyomo ndani na miezi isiyo na mvua. Ndipo umwite fundi, na akisema, umsikie. Lakini kabla ya wote muulize yule anayeshuka bondeni.

Mungu akupe mvua ya kukutosha, na tangi lako lijae mama yako angali na nguvu za kuinua kikombe.